Kuandika programu ya kurekodi sayari kwa kamera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeshayajibu mara nyingi mpaka nimechoka kuandika upya, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nazungumzia ile programu inayokaa katikati ya kamera na diski, inayopokea fremu (picha moja moja za video) na kuzihifadhi basi. Ya kustaki (kuzipanga fremu juu ya nyingine na kuchukua wastani) na ya kunoa picha ni kazi nyingine kabisa. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usije ukashangaa mbele: programu ya kurekodi ni karani, kazi yake asipoteze fremu na asidanganye kuhusu fremu, mengine yote ni mapambo.

Hivi kwa nini tunarekodi video ya maelfu ya fremu, si upige picha moja nzuri tu?

Tatizo ni hewa. Mwanga wa sayari unapita kwenye hewa inayochemka na kila baada ya milisekunde kadhaa sura inabadilika, mara imenyooka mara imevimba upande mmoja kama unaangalia sarafu chini ya maji ya mto. Ukiacha ekspoja (muda wa kamera kukusanya mwanga) ndefu mitikisiko yote inajumlika unapata uji. Ukipiga fupi, tuseme milisekunde 5 mpaka 10, fremu nyingi zitakuwa mbovu ila chache zitaangukia ule muda hewa imetulia, na hizo chache ndo tunazozitafuta. David Fried alishapiga hesabu ya uwezekano wa kupata fremu ya bahati namna hiyo mwaka 1978, na moja ya matokeo yake ni kwamba kioo cha darubini kikiwa kikubwa bahati inazidi kuwa adimu. Kwa hiyo unarekodi nyingi, programu ya kustaki inachagua. Wewe mwandishi wa programu ya kurekodi hujui fremu ya bahati itakuja saa ngapi, ndo maana hairuhusiwi kudondosha hata moja.

Lakini programu za kurekodi kama FireCapture na SharpCap si zipo?

Zipo, na ni nzuri. Kama lengo lako ni picha tu, pakua mojawapo uende nje, usijitafutie kazi. Kuandika yako kuna maana kama una kamera ya ajabu isiyotambuliwa, au unataka kuendesha kwenye kikompyuta kidogo cha ARM kilichofungwa kwenye darubini, au unataka kuelewa mambo yanavyoenda ndani. Mimi nilianza kwa sababu ya tatu nikasema ni wiki mbili tu. Haya.

Niandike kwa lugha gani?

C++ na Qt ndo njia iliyozoeleka, C# kama uko Windows tu, Rust kama unaipenda. Python inafaa kwa majaribio na hata kurekodi kwa kasi ya wastani ukiwa makini, ila ikifika fremu mia mbili kwa sekunde kila baiti unayoinakili bila sababu inaonekana. Lugha sio tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, mpangilio wa thredi (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja) ndo unaua watu.

Basi nielezee huo mpangilio wa thredi.

Hapa nikae kidogo maana asilimia kubwa ya matatizo ninayoulizwa yanaanzia hapa. Mtu anaandika luupu moja: chukua fremu, ionyeshe kwenye skrini, iandike kwenye diski, rudia. Mchana kwenye meza inafanya kazi vizuri kabisa, akienda nje akaongeza kasi inaanza kudondosha, kisha analaumu kebo.

Piga hesabu kwanza. Fremu ya 640 kwa 480 ya biti 8 ni baiti 307,200. Mara fremu 200 kwa sekunde ni kama megabaiti 61 kila sekunde, bila kupumzika. Klipu ya sekunde 90 inakula gigabaiti 5 na nusu, na ukirekodi klipu 40 usiku mmoja umeshafika gigabaiti 220. Sasa diski yoyote, hata SSD, kuna wakati inasita, mfumo unaandika vitu vyake, antivirusi inaamka, na SSD za bei ya chini zina eneo la haraka ambalo likijaa kasi inaporomoka ghafla katikati ya klipu. Luupu yako moja ikisubiri diski nusu sekunde, kamera haisubiri. Fremu 100 zimeenda.

Kwa hiyo weka thredi tatu. Ya kwanza inachukua fremu kutoka kwenye SDK ya kamera (maktaba ya kodi ya mtengenezaji) na kuitupa kwenye bafa ya mzunguko (foleni ya kwenye memori), HAIFANYI KITU KINGINE, haipimi, haigeuzi rangi, haiandiki logi. Ya pili inatoa kwenye bafa na kuandika diski kwa vipande vikubwa. Ya tatu ni ya kuonyesha, na hii haipangi foleni, ina nafasi moja tu ya fremu ya mwisho, ikichelewa inaruka, hakuna jicho linalohitaji kuona fremu 200 kwa sekunde, 25 zinatosha. Bafa itenge yote mwanzoni kabla hujaanza kurekodi, usiwe unaomba memori kila fremu. Megabaiti 512 kwa mfano wetu ni kama sekunde 8 za uvumilivu, diski ikisinzia sekunde 3 hujapoteza kitu.

Na bafa ikijaa kweli? Dondosha, lakini HESABU, na uonyeshe namba kwa rangi nyekundu kwenye skrini. Programu inayodondosha kimya kimya ni mbaya kuliko inayokrashi, maana inayokrashi angalau unajua.

Nimeweka 200 fps (fremu kwa sekunde), mbona napata 97?

Angalia ekspoja yako. Kama ni milisekunde 10 haiwezekani kupita fremu 100 kwa sekunde, hamna uchawi. Swali hili linakuja kila wiki. Kama ekspoja ni fupi ya kutosha, angalia njia ya USB: USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde lakini kiuhalisia kamera inapata kama megabaiti 35 hadi 40, kwa hiyo ule mfano wa juu wa megabaiti 61 hauingii kabisa, utapunguza kipande cha sensa au kasi. USB 3.0 ina nafasi nyingi zaidi ila inadai kebo nzuri na fupi. Halafu leptopu ikiwa kwenye betri inapunguza nguvu kimya kimya.

Kwenye Linux kuna mtego wa peke yake: memori ya usbfs (inayopitisha data za USB) kwa kawaida imewekwa megabaiti 16 kwa mfumo mzima, na kamera ya fremu kubwa inaimaliza mara moja. Ipandishe kupitia `/sys/module/usbcore/parameters/usbfs_memory_mb`, mimi naweka 256. Dalili zake ni kamera inayofunguka vizuri halafu haitoi fremu hata moja, au inatoa mbili tatu inaganda, na mtu anaweza kubadilisha kebo tano kabla hajajua.

Na kwenye ule mwito wa SDK wa kusubiri fremu, usiweke muda wa kusubiri mfupi sana. Mara mbili ya ekspoja ukajumlisha nusu sekunde ni kipimo salama.

Biti 8 au biti 16?

Watu wanapigana sana hapa. Sensa nyingi tunazotumia zinatoa biti 12, yaani ngazi 4096, na biti 8 ni ngazi 256, kwa hiyo ngazi moja ya biti 8 imemeza 16 za biti 12. Inaonekana ni hasara kubwa. Lakini sayari tunazirekodi na geini (ukuzaji wa ishara ya sensa) ya juu, kelele kwenye kila fremu, yaani chenga za nasibu, kwa kawaida ni kubwa kuliko hizo ngazi 16, na ukistaki fremu 2000 zenye kelele hiyo, wastani unarudisha zile ngazi za katikati. Kwa hiyo Mshtarii na geini kubwa, biti 8 zinatosha na unapata nusu ya mzigo wa data. Mwezi au Jua kwa geini ya chini, kelele ni ndogo, hapo biti 16 ina hoja.

Kwenye kodi kumbuka jambo moja: SDK nyingine zinasukuma zile biti 12 juu mpaka zijaze 16, nyingine zinaziacha chini. Usipoangalia, histogramu (grafu ya mgawanyo wa mwanga) itakuonyesha picha nyeusi tititi na utadhani umesahau kifuniko.

Faili la video liwe SER au AVI?

SER. AVI ya zamani inakwama kwenye gigabaiti 2 na ina mambo ya kodeki (mbinu za kubana video) ambayo hatuyahitaji. SER ni fomati ya kizembe kwa maana nzuri: kichwa cha baiti 178, halafu fremu moja baada ya nyingine bila kubanwa, halafu mwishoni mihuri ya muda, baiti 8 kwa kila fremu. Ilizaliwa na programu ya Lucam Recorder, ndo maana baiti 14 za mwanzo hadi leo ni maneno LUCAM-RECORDER hata kama kamera yako haihusiani nayo kabisa.

Uzuri wa uzembe huo niliuona usiku mmoja betri ya leptopu ilipokufa nikiwa katikati ya klipu bora ya msimu. Idadi ya fremu nilikuwa naiandika mwisho kabisa wakati wa kufunga faili, kwa hiyo kichwa kilisema fremu 0 na kila programu ikakataa kuifungua. Nikachukua ukubwa wa faili, nikatoa 178, nikagawanya kwa 307,200, ikaja elfu kumi na moja na ushee, ile ushee ni fremu iliyokatika katikati nikaitupa, nikaandika namba nzima kwenye baiti ya 38 kwa kihariri cha heksa. Ikafunguka. Mihuri ya muda ndo ilikuwa imekwenda maana inaandikwa mwishoni. Tangu siku hiyo programu yangu inasasisha ile namba kila sekunde chache na mihuri inaandikwa pia kwenye faili dogo pembeni wakati kurekodi kunaendelea, na nakushauri ufanye hivyo kabla betri haijakufundisha.

Kuna kitu kinaitwa LittleEndian kwenye kichwa cha SER, niweke 0 au 1?

Aah, hii. Maelezo ya fomati yanasema 1 ni baiti ndogo kwanza, yaani kwenye namba ya baiti mbili ile ya thamani ndogo inatangulia. Programu kadhaa za mwanzo zilielewa kinyume, zikasambaa, na sasa zinazosoma nyingi zinachukulia 0 kuwa baiti ndogo kwanza. Kwa biti 8 haina madhara yoyote. Kwa biti 16, andika kama programu kubwa zinavyoandika, halafu fungua faili lako kwenye programu za kustaki, AutoStakkert na Siril, uone. Ukiona theluji badala ya sayari, geuza. Ni aibu lakini ndo hali halisi.

Kamera yangu ni ya rangi, nihifadhi rangi au mbichi?

Mbichi, siku zote. Sensa ya rangi inatoa namba moja kwa kila piseli chini ya kijidirisha chekundu, kijani au bluu, ukigeuza kuwa rangi kamili kabla ya kuhifadhi umezidisha data mara tatu bila kuongeza taarifa hata moja. Hifadhi mbichi, andika mpangilio wa vijidirisha kwenye kichwa (RGGB ni 8, GRBG 9, GBRG 10, BGGR 11), rangi geuza kwa ajili ya skrini tu.

Na hapa ndipo nilipoingia mkenge. Niliandika kipengele cha ROI, yaani kusoma kipande tu cha sensa kinachozunguka sayari, na kipande kilikuwa kinaweza kuanzia piseli yoyote. Kikianza kwenye namba ya shufwa mpangilio unabaki RGGB. Kikisogea piseli moja kulia na moja chini unakuwa BGGR, nyekundu na bluu zimebadilishana viti. Nilikuja kugundua kesho yake, Mshtarii mzima una rangi ya maiti na lile Doa Kubwa Jekundu ni la bluu, klipu baada ya klipu. Nyingine ziko sawa kwa sababu zilibahatika kuangukia namba ya shufwa, ndo maana nilihangaika kuamini ni bagi. Kwa hiyo lazimisha kipande kianzie kwenye shufwa pande zote mbili. Upana nao SDK nyingi zinataka ugawanyike kwa 8.

Nataka kipande kiifuate sayari yenyewe ikisogea, inawezekana?

Inawezekana na ni rahisi kuliko unavyofikiri. Chukua fremu moja kila nusu sekunde, weka kizingiti cha mwanga, tafuta kitovu cha uzito wa piseli zilizopita kizingiti, linganisha na katikati ya kipande, sogeza. Usisogeze kwa kila mtikisiko, hewa peke yake inairusha sayari huku na huku, tumia wastani wa vipimo kadhaa na uache eneo la katikati ambalo hufanyi kitu. Bora zaidi, badala ya kusogeza kipande tuma amri ndogo kwa mota za darubini kupitia ASCOM au INDI, mifumo ya kuendeshea vifaa vya darubini.

Jihadhari na mwezi wa Mshtarii ukiingia kwenye kipande na kizingiti kiko chini sana.

Muda wa fremu una umuhimu gani hasa? Si tunastaki tu?

Una umuhimu mkubwa. Mshtarii unajizungusha kwa saa 9 na dakika 55, na ukiwa na kipenyo cha kama sekunde 45 za tao (kipimo cha pembe, 1/3600 ya digrii), alama iliyo katikati ya uso wake inasogea karibu robo ya sekunde ya tao kila dakika. Kwa darubini ya inchi 8 dakika mbili tu zinaanza kuonekana kama ukungu. Watu wanatatua kwa programu ya WinJUPOS ambayo inarudisha mzunguko nyuma, na WinJUPOS inataka kujua klipu ilirekodiwa saa ngapi UTC, kwa hiyo jina la faili lifuate mtindo wake, mwaka mwezi siku, saa na dakika, na sehemu ya kumi ya dakika, mfano `2022-09-26-1845_3`, na iwe katikati ya klipu sio mwanzo.

Halafu kuna mambo ya bahati. Tarehe 3 Juni 2010 Anthony Wesley alikuwa anarekodi Mshtarii ukatokea mmweko, kitu kimegonga sayari, na Christopher Go akaangalia video yake ya muda ule ule naye akaukuta. Ushahidi wa namna hiyo unasimama kwa sababu kuna mihuri ya muda inayolingana. Usiku wako ukifika, usije ukawa na saa iliyochelewa dakika nne.

Kiufundi: mhuri wa SER ni hatua za nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari mwaka 1, ukitokea kwenye muda wa Unix (unaohesabu tangu 1970) ugeuze kuwa hatua hizo kisha jumlisha 621355968000000000. Usisome saa ya mfumo kila fremu, maana NTP (huduma ya kurekebisha saa kwa mtandao) inaweza kuirudisha nyuma katikati ya klipu na ukapata fremu iliyotangulia mama yake. Soma UTC mara moja mwanzoni, halafu endelea na ile saa isiyorudi nyuma. Kuchelewa kwa USB kwa milisekunde kadhaa hakuna madhara kwa sayari, ila kama unapima nyota ikifunikwa na asteroidi hapo unahitaji GPS na ni mada nyingine.

Kipimo cha fokasi kwenye skrini kinarukaruka, nimekosea wapi?

Hujakosea, unapima hewa. Chukua kipimo chochote cha ukali, mtawanyiko wa Laplace (jinsi mwanga unavyobadilika ghafla kati ya piseli) unatosha, lakini onyesha mediani ya fremu 50 na uchore grafu ya sekunde 30 zilizopita. Mtu anageuza kitufe cha fokasi anaangalia mlima wa grafu, sio namba inayocheza. Watu wazoefu wanafokasi kwa macho na wanafanya vizuri kuliko grafu yangu, sina ubishi nao.

Ni vitu gani niandike kwenye logi ya kila klipu?

Ekspoja, geini, filta, ukubwa na mwanzo wa kipande, biti, joto la sensa kama lipo, muda wa kuanza na kuisha UTC, fremu zilizopatikana na zilizodondoka, kasi halisi sio ile uliyoomba. Faili la maandishi la kawaida, jina sawa na la klipu.

Nitajaribu vipi wakati mawingu yamekaa wiki tatu?

Andika kamera ya uongo. Hii ndo kodi yenye faida kuliko zote nilizowahi kuandika: draiva yenye sura sawa na za kweli, ila ndani inasoma faili la SER la zamani na kulitema kwa kasi yoyote unayotaka. Kwenye piseli nne za kwanza za kila fremu ninaandika namba ya fremu, 1, 2, 3, halafu kiprogramu kingine kinasoma faili lililorekodiwa na kuangalia kama kuna namba iliyoruka au kujirudia. Kujirudia hukutegemea? Mimi ilinitokea, thredi mbili zilikuwa zinagombea nafasi moja ya bafa, hesabu ya fremu zilizodondoka inasema 0 na faili lina fremu 14 mapacha. Macho yasingeona kamwe.

Iwezeshe pia kufanya ukorofi: ichomoke ghafla, ichelewe sekunde 2, itoe fremu nusu. Halafu acha irekodi usiku kucha huku umefungua kivinjari chenye tabo 30.

Je, niongeze kunoa picha na kustaki papo hapo?

Kwenye dirisha la kuonyesha, ruksa, inasaidia kuona kama usiku una maana au ukalale. Ila ifanyike kwenye nakala, upande wa ile thredi ya tatu, na uweke swichi ya kuizima. Kwenye faili isiguse hata baiti moja.